Kiti cha Dirishani

Katika karakana ya kushona mashati, mafundi walikuwa wakizirai kwa uchovu. Msimamizi, Bwana Kombo, akaleta kiti cha kubembea, akakiweka dirishani: kila alasiri, aliyechoka kuliko wote apumzike saa nzima.

Siku tatu mfululizo akampa fundi mmoja, Riziki.

Roho ilimuuma Sikudhani, aliyeshona kwenye cherehani ya jirani. "Kachoka nini yule? Anajilegeza tu!" Siku ya nne hakula mchana wala hakuinua kichwa, akashona mpaka sindano ikamtoboa kidole.

"Haya, Sikudhani, nenda kakae," akasema Bwana Kombo.

Akaenda kifua mbele, akajilaza. Upepo ukampuliza shingoni, macho yakaanza kuwa mazito. Hapo akamwona Riziki akilivuta rundo la kola alizoziacha.

"Tulia, shoga yangu," Riziki akamwambia. "Hizi nitakumalizia."

Sikudhani akaruka wima. Mjanja huyu! Anajichosha ili kesho akipate tena!

"Niachie kazi yangu!"

Akamnyang'anya kola, akaikanyaga cherehani kwa hasira, damu ya kidole ikidondokea kitambaa cheupe.

Nyuma yake, dirishani, kiti kiliendelea kubembea, kitupu.