Jiwe Kavu

"Vuka tu, Mama Rehema. Jiwe kavu," Semkiwa alimwambia mkewe, shoka likiwa begani.

Hakuna aliyevuka mto ule bila kulitazama jiwe la katikati. Likiwa kavu, hata mwenye mzigo alivuka, kwa sababu maji yalipanda taratibu, nusu siku nzima kabla ya kulifunika. Ndivyo walivyofundishwa na wazazi wao, enzi mlima ungali na msitu.

Mkewe akajitwika kapu la viazi, akatangulia kuingia, Semkiwa akibaki ukingoni. Maji yalimfika magotini. Karibu na jiwe akasimama.

"Baba Rehema, huko juu kunanguruma."

"Malori ya magogo hayo. Wewe kwa woga hujambo! Twende."

Mwanamke akacheka. Mto ukatokea kwenye kona kama ukuta wa tope, visiki na magogo. Gogo moja lilimpiga kifuani, likamkunja. Semkiwa aliona mkono, kisha viazi vikielea.

Alikimbia ukingoni akiita mpaka sauti ikakauka. Alasiri maji yalipungua ghafla kama yalivyokuja, na jiwe likaonekana. Akaliendea, akalipiga kwa shoka, shoka lile lile alilokatia miti mlimani miaka mitatu. Cheche ziliruka. Alipiga mpaka viganja vikachuruzika damu na mpini ukapasuka.

Ng'ambo akafika mwanamke mwenye kuni kichwani. Akakunja kanga yake, tayari kuingia.

"Kaka, jiwe limekauka?"

Semkiwa alikuwa bado ameinua mpini.