Rangi Tatu za Nta

Lindquist aliingia gerejini kwangu na skii zake begani, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Akakung'uta theluji kwenye buti, akatazama baiskeli zinazoning'inia darini na meza niliyoipigilia mwenyewe kwa mbao za uzio.

"Kumbe karakana yenyewe ndiyo hii," alisema. "Mimi nilidhani jiko."

Mwaka jana alinifukuza kazi mbele ya wateja, dukani kwake kwa baiskeli na skii. Alisema mikono yangu ni ya kufunga zawadi, si ya kushika spana. Wiki hiyo hiyo nikanunua jiliwa langu, kibanio cha chuma cha mezani, nikaanza kazi hapa. Sasa fundi wake amevunjika mkono, na mashindano ya skii ni kesho asubuhi.

"Zipake nta ziteleze, dada. Lazima nimpite mkwe wangu."

Nikazibana skii kwenye jiliwa, zikiwa chali. Nikapanga mezani vipande vitatu vya nta: kijani, bluu, njano. Kijani ni ya baridi kali. Njano ni ya theluji inayoyeyuka; kwenye baridi kali skii hunata thelujini kama ulimbo. Na redio ilishasema, kesho ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba miaka yote sita niliyomfanyia kazi, sikuwahi kumwona akishika pasi ya kuyeyushia nta.

"Wewe ndiye bosi," nikamwambia. "Chagua."

Alivikodolea macho vile vipande. Kuuliza si ujinga. Angeniuliza, ningemwambia kweli.

"Njano," alisema. "Hata mtoto anajua."

"Sawa, bosi."

Nikawasha pasi.