Jogoo wa Mtani

Bundala alitoka Kipalapala kwa miguu hadi hospitali ya mjini alikolazwa Shomari, akiwa na nia moja tu: kuvunja utani wake naye, tena mbele za watu.

Majivu uani kwake yalikuwa bado yanafuka. Jana maofisa wa mifugo walikuja na magunia, wakawaua kuku wote waliobaki na kuwachoma moto. Nani angewaambia kama si Shomari? Kikulacho ki nguoni mwako.

Utani wao, Mzaramo na Mnyamwezi, waliurithi kwa mababu waliokutana kwenye njia ya misafara. Mtani akiingia uani kwako akabeba jogoo, humshtaki, unacheka. Ndivyo alivyofanya Shomari wiki mbili zilizopita. "Mpagazi wangu, nachukua haki yangu," alisema, akamwinamia jogoo mwekundu, ambaye hata hakukimbia. Bundala akacheka. Mkewe, Marcelina, aliingia ndani kimya.

Kuchukua, sawa. Lakini kwenda kusema? Hapo ndipo Bundala alipoumia.

Daktari, mama mmoja aliyevaa barakoa, alimzuia mlangoni. Bundala akajitaja jina.

"Haingii mtu, baba. Shomari ana mafua ya ndege."

"Ugonjwa wa kuku ni wa kuku. Haumpati mtu."

"Mara nyingi ni kweli. Kirusi cha kuku hakina pa kushika kwenye koo la mtu. Kikibahatika sana hushika chini kabisa, mapafuni. Hiki kimekaa ndani ya Shomari kikabadilika. Sasa kinashika puani na kooni, kinatoka na kikohozi. Mkewe naye tumemlaza."

Hasira haikumtoka Bundala. "Basi mwambie si mtani wangu tena. Mtani hatoi nje mambo ya nyumbani kwa mtani wake."

Daktari akatikisa kichwa.

"Shomari hajasema kitu, baba. Siku tatu tunamuuliza jogoo alimtoa wapi, naye anang'ang'ania kuwa alimnunua stesheni ya Kigwa, kwa mtu asiyemjua. Aliyetupigia simu ni mkeo. Kasema siku ile, kabla mtani wako hajapiga hodi, wewe mwenyewe ulikuwa umeshazika kuku kumi na mmoja."