Ramani Inayosema Kiswahili

Gogo bichi lilikuwa limelazwa katikati ya barabara. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye panga, akifoka kwa lugha wasiyoijua.

"Funga vioo!" dereva wa lori alimwambia mkewe.

Siku hiyo hakuwa na lori lake. Walikuwa ndani ya gari la kukodi, nchi ya watu, wakienda kumwona mjukuu wao wa kwanza. Asubuhi, karani wa magari aliwapa ramani mbili za setilaiti wachague. Mpya ilizungumza lugha ya wenyeji tu. Ya zamani ilijua Kiswahili.

"Tuchukue mpya, baba watoto," mke alishauri.

"Niamrishwe kwa maneno nisiyoyaelewa? Hayo nayapata nyumbani, bure!"

Walicheka hadi karani naye akacheka. Ikawekwa ya zamani.

Sasa mwenye panga alirukia boneti, akakigonga kioo cha mbele kwa ubapa wa panga. Kioo kikafanya nyufa. Mwanamke akachomoka vichakani, akang'ang'ania kitasa cha mlango wa upande wa mke.

"Watatuua hawa!" mke alipiga yowe.

Dereva akavuta spana ya magurudumu chini ya kiti, akashuka. Pigo la kwanza lilivunja mkono ulioshika panga. La pili lilitua mdomoni, meno yakaruka. Mtu yule akaenda chini, lakini hakukimbia. Kwa mkono wake mzima alimkumbatia dereva miguu, akilia neno moja lilelile, damu ikimbubujika kidevuni. Dereva alimshindilia kichwani, akaongeza, mpaka mkono ukalegea.

Akaruka ndani, akakata usukani. Gari likapanda ukingo, likapita kando ya gogo. Mwanamke alikuwa bado ananing'inia mlangoni. Aliburutwa kidogo, kisha wakasikia mwili ukijipiga chini.

"Endelea moja kwa moja," ilisema sauti ya ramani, taratibu.

"Umemuua?" mkewe alinong'ona.

"Ulitaka atuue sisi?" Akakanyaga mafuta hadi mwisho. "Usiangalie nyuma. Yamekwisha, mama. Tumepona."

Mke akafuta machozi kwa upindo wa khanga, akamwekea mkono begani.

Gari likamaliza kona kwa kasi ileile. Mto ulikuwa mbele yao, mpana, umefurika hadi kingo, na daraja lilikuwa limebaki nguzo mbili tu.