Dakika Tano Bila Swali

Mshauri alinipachika kidude cha kusikilizia sikioni, akaenda kukaa nyuma ya kioo kutuangalia na kuniongoza. "Dakika tano, mama. Usimuulize binti yako swali lolote. Sema tu unachokiona."

Mwanangu ana miaka kumi na minne, na huu ni mwezi wa nne hajanijibu hata neno. Nami bila maswali ni bubu: umekula, umelala, una nini.

Alikuwa anapaka rangi mchoro, kucha zake zimetafunwa hadi nyamani. Swali likaanza kunitoka.

"Ume—"

"Mama!" kidude kikanikanya.

Nikalimeza. "Unapaka buluu," nikasema, kama mtangazaji wa mpira. "Sasa unapaka buluu tena."

Midomo yake ikacheza kidogo. Nusura nimkumbatie.

"Unakandamiza kweli kweli. Mkono wako... mkono wako umekonda."

Kalamu ikasimama. Nikajua nimeharibu.

Mwanangu akanitazama usoni, kisha akavitazama vidole vyangu, vilivyobaki mifupa mitupu.

"Na wewe, mama," akasema, "umekula?"