Mkono wa Kaswera

"Aliuawa na bibi yake," kamanda akatangaza mbele ya wafiwa wote. "Alimushika mukono wakati ya kuagana, na mutu wa dawa ya kuzuia risasi hashikwi na mwanamuke. Donc dawa ikaharibika, risasi ikaingia."

Kaswera, juu ya mkeka wa kilio, alimwona mama mkwe wake akikaza uso. Kwa neno hilo moja angefukuzwa kesho na watoto wake watatu.

Watu wa kamanda walikuwa wamempeleka mume wake vitani Alimbongo akiwa na kandambili na risasi saba. Kamanda mwenyewe alibaki Butembo na tumbo ambalo risasi ingelipata hata gizani. Leo kosa ni la mkono wa Kaswera!

Akasimama.

"Karibu, kamanda. Kila mutu aliyeingia hapa alinipa mukono ya pole. Ya kwako iko wapi?"

Akaunyoosha mkono wake. Kiganja kilikuwa kimechanika kwa jembe, kucha zikiwa nyeusi kwa udongo wa viazi.

"Ama unaogopa? Dawa inazuia risasi ya kalashi, lakini inashindwa na mukono ya mulima viazi?"

Mmoja wa wapiganaji waliokuja na kamanda alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Kamanda akauficha mkono wake mfukoni.

Mama mkwe aliutazama mfuko ule kwa muda mrefu. Kisha akajikongoja, akasimama kando ya Kaswera.

"Kamanda," akasema, "toa mukono mu mufuko. Umupe mutoto yangu pole yake."