Kofia ya Kombo

Kwa miaka miwili Sikudhani alitafiti kofia za chuma ambazo jeshi lilitaka kununua. Siku mkataba uliposainiwa, alipelekwa kliniki ya wizara akafutiwa kumbukumbu ya kazi ile, kama sheria inavyomtaka kila mtafiti wa zabuni za jeshi.

Jumapili moja, miezi kadhaa baadaye, mdogo wake, Kombo, alikuja kuaga. Alikuwa anapelekwa mpakani, na kofia mpya ameibana kwapani.

"Dada, si ndizo hizi ulizozitafiti? Ni nzuri?"

Sikudhani aliipokea, akaigeuzageuza. Alijitahidi kukumbuka, asipate hata neno moja.

"Sijui, mdogo wangu. Walinifuta."

"Zingekuwa mbovu wasingezinunua," alisema Kombo.

Gari la jeshi likapiga honi nje. Kombo akanyoosha mkono achukue kofia yake. Sikudhani alitaka kumpa, lakini vidole vyake vilikuwa vimeikamata na havikuachia. Kombo akacheka kidogo, akambandua kidole kimoja kimoja kwa upole, akaivaa, akatoka.

"Mbona uliing'ang'ania kofia vile?" mama yao aliuliza.

"Sijui, mama," alisema Sikudhani. Vidole vyake vilikuwa bado vimejikunja, kana kwamba vimeishika kofia.